Kupanda Mlima Barazani: Namna ya Kuchagua Baisikeli ya Mazoezi Wakati wa Mvua

Kila mwaka mvua zinapoanza kushika, vijana wapendao mashindano ya baisikeli hunijia na swali moja: tufanye nini ili miguu isilale mpaka kiangazi? Tangu Septemba 2025, mashindano ya dunia ya barabarani yalipofanyika Kigali, mara ya kwanza katika Afrika, wanaouliza wamezidi. Tena swali limeota mkia. Wameona katika simu picha za watu wa Ulaya wakikanyaga pedali chumbani mbele ya kioo cha televisheni, nao wataka kujua mtambo upi ni bora. Ndugu mmoja tuliyesoma naye hapa, ambaye sasa anakaa ng'ambo, alitaka hata kuipa shule zawadi ya mtambo mmoja, akaniandikia kuniuliza alete upi. Nilichomjibu ndicho nitakachoeleza hapa. Kina hesabu ndani yake, na hesabu hiyo ni ya darasa la fizikia, kwa hiyo itawafaa hata wale wasiopanda baisikeli.

Kwanza tuitazame nchi yetu, maana mtambo huchaguliwa kwa ajili ya barabara, si kwa ajili ya picha. Mji wa Bujumbura uko kando ya Ziwa Tanganyika, na maji ya ziwa yako kama mita 775 juu ya bahari. Barabara tatu zatoka mjini katika nchi tambarare: moja yaenda kaskazini katika bonde la Rusizi mpaka Cibitoke, nyingine yapita Gatumba kuelekea mpaka wa Kongo, na ya tatu yafuata ziwa kusini mpaka Rumonge. Ya nne ndiyo barabara namba 1, nayo haina mzaha. Mara utokapo mjini yaanza kupanda, na haiachi kupanda mpaka Bugarama, mahali palipo juu ya mita 2,000, penye ukungu na baridi.

Mvua zetu huanza kama Oktoba na kuendelea mpaka Mei, zikipumzika kidogo karibu na Januari. Katika miezi hiyo barabara ya Bugarama huteremkiwa na matope na mawe kutoka kingo za mlima, na ukungu humficha mpanda baisikeli mbele ya dereva wa lori. Hata nchi tambarare si salama siku zote. Aprili 2020 mto wa Rusizi ulifurika ukaingia Gatumba, na watu wengi sana walihama nyumba zao. Basi mwanamashindano wetu ana miezi minne ya barabara kavu na miezi minane ya kungoja.

Kuna wasiongoja, nao ni wachukuzi wa ndizi na makaa. Kila mtu aliyepita barabara ile amewaona wakishuka na mikungu iliyofunika baisikeli hata huoni gurudumu, kisha wakipanda tena huku wameshika nyuma ya lori kwa mkono mmoja. Siwacheki watu hao. Ni kazi yao, na watoto wao hula kwayo. Lakini mwanafunzi anayewaiga kwa kisingizio cha mazoezi namkataza kabisa. Mwenye kushika lori hafanyi mazoezi ya miguu. Anafanya mazoezi ya vidole, na akiteleza, gurudumu lililo nyuma yake halina breki ya huruma. Nimewahi kusindikiza jeneza la kijana wa barabara ile. Sitaki kusindikiza la pili.

Sasa twende kwenye hesabu. Kutoka mjini mpaka Bugarama ni kama kilomita 35, na tuseme kimo unachopanda ni mita 1,400. Chukua kijana wa kilo 55 na baisikeli nyeusi ya kilo 20, jumla kilo 75. Kazi ya kuinua mzigo huo ni 75 × 9.81 × 1,400, nayo ni juli 1,030,000 na kidogo. Kijana akitaka kufika kwa saa 3, yaani sekunde 10,800, gawanya, utapata wati 95. Hizo ni za kushindana na kimo peke yake. Mipira inayosuguana na lami, na upepo usoni, nao wadai fungu lao. Kwa mwendo huo mdogo tuwape wati 25. Jumla ni wati 120, kwa saa 3, bila kukoma.

Mlima umekuwa namba, na namba huweza kufanyiwa kazi mahali popote, hata barazani kwa mama yako huku mvua ikinyesha. Lakini kuna jambo la pili ambalo wauza mitambo hawalisemi, nalo ndilo lililonifanya nimwandikie ndugu yetu asinunue haraka. Ni namna miguu inavyozunguka.

Baisikeli yetu nyeusi haina gia za kubadili. Nyingi zina meno 44 kwenye gurudumu la pedali na 18 nyuma. Lakini hesabu ya kwako mwenyewe, maana ziko nyingine. Gawanya 44 kwa 18, ni 2.44: kila pedali ikizunguka mara moja, gurudumu la nyuma lazunguka mara 2.44. Mzingo wa gurudumu pamoja na mpira wake ni kama mita 2.2, basi kila mkanyago mzima hukusogeza mita 5.4. Anayekwenda kilomita 35 kwa saa 3 asogea mita 3.24 kwa sekunde. Maana yake miguu yake yazunguka mara 36 tu kwa dakika! Mwanamashindano wa Ulaya mwenye gia nyingi hupanda mlima ule ule akizungusha mara 70 au 80, kwa mikanyago myepesi. Wetu hupanda kwa mikanyago michache mizito, kama mtu apandaye ngazi na gunia mgongoni. Wati ni zile zile, lakini kazi ya misuli si ile ile. Kwa hiyo mtambo utufaao sharti uweze kutupa uzito mkubwa tunapokanyaga polepole. Shikeni neno hilo, maana kwalo ndilo nitapima mitambo yote.

Mtambo wa zamani kuliko mingine inayouzwa ni rola. Ni mapipa membamba matatu yaliyolazwa katika fremu, mawili chini ya gurudumu la nyuma na moja chini ya lile la mbele, na ukanda unaounganisha ili yote yazunguke pamoja. Baisikeli haikushikwa na kitu, waiendesha juu yake kama barabarani, na ukisahau kidogo utajikuta chini. Rola hufundisha mizani na miguu laini kuliko kitu chochote. Eddy Merckx, yule Mbelgiji, tarehe 25 Oktoba 1972 alikwenda kilomita 49.431 kwa saa moja katika mji wa Mexico, ulio juu ya mita 2,200, na kabla ya safari alijizoeza nyumbani kwake juu ya baisikeli iliyosimama huku akivuta kwa barakoa hewa iliyopunguzwa oksijeni. (Barakoa hiyo msiijaribu, alikuwa na madaktari pembeni, nasi Bugarama tunapata hewa nyembamba bure.) Lakini rola za kawaida hazina uzito. Ni nzuri kwa mtu anayetafuta wepesi, si kwa mlima wetu.

Mtambo wa pili ni stendi inayoshika ekseli ya nyuma na kuinua gurudumu, na mpira wake hugusa pipa dogo lenye kitu cha kulizuia. Kizuizi chaweza kuwa mapanga ya upepo, au sumaku, au mafuta ndani ya chombo. Ya mapanga ni rahisi na haiharibiki upesi, ila itazameni sheria yake: kazi ya kuyazungusha hukua kwa mwendo mara mwendo mara mwendo. Ukizidisha mwendo mara mbili, wati huzidi mara nane. Ukiupunguza nusu, wati hupungua mara nane. Tuseme stendi hiyo yakudai wati 160 ukizungusha miguu mara 72 kwa dakika. Ukizungusha mara 36, yakudai wati 20. Ishirini! Huo si mlima wa Bugarama, ni uwanja wa ndege. Mwenye gia hubadili gia akaendelea. Sisi hatuna cha kubadili. Ya sumaku ni afadhali kidogo, maana bamba la alumini lipitapo kati ya sumaku huzaa umeme ndani yake lenyewe unaolivuta nyuma, na nguvu hiyo hukua sambamba na mwendo. Ukipunguza mwendo nusu, wati hupungua kama mara nne. Tena stendi nyingi za namna hii zimetengenezwa kubana vishikizo vyembamba vya ekseli za baisikeli za mashindano. Nati nene za baisikeli nyeusi hazikai vizuri ndani yake, na kitu kisichokaa vizuri huchomoka siku umekanyaga kwa nguvu.

Wa tatu ndio ule wa kwenye picha. Unaondoa gurudumu la nyuma kabisa, unavalisha mnyororo kwenye mtambo, nao wasema na simu au televisheni, wapima wati, wajiongezea uzito barabara ya kwenye kioo inapopanda. Sitaudharau. Desemba 2020 yalifanyika mashindano ya kwanza ya dunia ya namna hiyo, kila mtu akikanyaga kwake, na mshindi wa wanawake alikuwa Mwafrika, Ashleigh Moolman-Pasio wa Afrika Kusini. Lakini mingi ya mitambo hiyo yataka umeme wa ukutani na intaneti isiyokatika, na sisi twajua umeme wetu. Yataka pia baisikeli yenye mnyororo mwembamba na gia nyingi nyuma. Na kwa bei ya mmoja shule yaweza kununua baisikeli nyeusi kadhaa. Ndugu yetu alikuwa ameupenda huo. Nilimwambia auache huko huko.

Wa nne ni baisikeli ya chumbani isiyo na gurudumu la barabara, ila lina gurudumu moja zito la chuma mbele, na kipande cha ngozi au mshipi unaolibana kwa skrubu. Jambo kama hili si jipya: mwaka wa 1796 Francis Lowndes wa London alipata hati ya uvumbuzi wa mtambo wa kuchezesha miguu na mikono, akauita Gymnasticon, kabla baisikeli yenyewe haijazaliwa. Mtambo huu haudai umeme. Kiti chake na usukani hupanda na kushuka, kwa hiyo kijana mrefu na mfupi waweza kuutumia mmoja baada ya mwingine. Na, hili ndilo kubwa, msuguano wa mshipi haujali sana mwendo. Ukizungusha polepole, uzito uko pale pale. Kwa bweni lenye wavulana thelathini, huo ndio niliouomba. Tahadhari moja tu: mingi haina uhuru wa pedali, gurudumu likizunguka na pedali zazunguka. Usijaribu kuisimamisha miguu ghafula, itakuvunja goti.

Hayo ni kwa shule. Kwa kijana mmoja nyumbani kwao, mwenye baisikeli yake nyeusi na fedha kidogo, nina jibu jingine, na hili nimelitumia mwenyewe misimu mitatu. Waliokaa Mombasa au Dar es Salaam wamewaona wanoa visu: baisikeli husimamishwa juu ya stendi yake, gurudumu la nyuma huinuka, na kukanyaga huzungusha jiwe la kunolea. Mtu yule hufanya mazoezi kutwa wala hajui kwamba watu wengine huyalipia. Nasi twaweza kufanya vivyo hivyo, ila mahali pa jiwe tuweke mshipi.

Nilikwenda kwa fundi wa kuchomelea katika mtaa wa Buyenzi. Nilimwomba stendi ya chuma cha pembe, miguu yake ipanuke sentimita 60 au zaidi, yenye mashimo mawili ya kupitisha ekseli ya nyuma na kukaza kwa nati zake zile zile. Stendi iliyokuja na baisikeli haitoshi. Hupinda ukisimama juu ya pedali. Gurudumu la mbele liliwekwa juu ya kipande cha ubao ili baisikeli ilale sawa. Kisha tulichukua gurudumu kuukuu la nyuma, tukaondoa mpira wa nje na wa ndani, na fundi akazungushia ndani ya rimu ukanda mwembamba wa bati, akaukaza kwa ribiti juu ya vichwa vya spoki, ili mshipi upite mahali laini. Kingo za rimu zenyewe huuzuia usitoke.

Mshipi ni wa pamba, upana kama sentimita 3. Usitumie nailoni, huyeyuka. Mwisho mmoja umefungwa kwenye mizani ya ndoana, ile ile wanayopimia samaki sokoni, na mizani imeshikizwa kwenye fremu chini ya kiti. Mshipi wapita juu ya rimu, washuka nyuma, na mwisho wake wa pili unaning'inia mfuko wa mchanga, karibu na sakafu, ili ukikatika usiangukie mguu wa mtu. Unapokanyaga, sehemu ya juu ya gurudumu yaenda mbele na kuuvuta mshipi pamoja nayo. Mfuko wataka kuinuka, na mizani yaonyesha uzito mdogo kuliko ule wa mfuko. Tofauti ya hizo mbili ndiyo nguvu unayoshindana nayo.

Tufanye mfano. Mzingo wa rimu mahali mshipi unapopita (nimeupima kwa uzi) ni mita 1.95. Mara 2.44, kila mkanyago mzima wapitisha mita 4.76 chini ya mshipi. Ukizungusha mara 60 kwa dakika, ni mita 4.76 kwa sekunde. Mfuko ni kilo 6, mizani yasema kilo 3.5, tofauti kilo 2.5. Zidisha kwa 9.81, ni nyutoni 24.5, zidisha kwa 4.76, ni wati 117. Hizo karibu ndizo wati za Bugarama. Sasa punguza miguu mpaka mara 36 kwa dakika, kama mlima unavyodai kweli. Mwendo wa rimu ni mita 2.86 kwa sekunde. Ongeza mchanga mpaka mfuko uwe kilo 10 na mizani isome 5.8, tofauti kilo 4.2. Utapata wati 118. Ni kazi ile ile, lakini paja lako litakuambia tofauti kabla ya dakika ya tano.

Msidhani haya ni mambo ya kubahatisha ya mtu maskini. Mwaka wa 1954 Wilhelm von Döbeln wa Uswidi alieleza baisikeli ya kupimia nguvu iliyofanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo, mshipi juu ya gurudumu na uzito wa kuulinganisha, na baisikeli za namna yake zimetumika katika vyumba vya madaktari duniani kote. Tofauti ni kwamba yake ilikuwa imepakwa rangi nzuri.

Sasa neno juu ya joto, maana hapa wengi hushindwa wasijue kwa nini. Mwili wa mwanadamu si mashine nzuri sana: katika nguvu inayotumia, kama robo moja au pungufu ndiyo hufika kwenye pedali, iliyobaki ni joto. Anayetoa wati 120 atoa pia joto la wati 400 hivi, kama balbu saba za zamani za wati 60 zimewaka ndani ya shati lake. Barabarani upepo huliondoa. Chumbani hakuna upepo, na hewa ya Bujumbura wakati wa mvua ina maji tele, jasho halikauki, latiririka tu. Kwa sababu hiyo usikanyage chumbani kamwe. Kaa barazani, upande unaopata upepo wa ziwa, asubuhi kabla jua halijapanda. Pangaboi likiwapo ni vema, lakini usilitegemee. Jipime kabla na baada kwa mizani. Kila kilo iliyopungua ni kama lita moja ya maji, uirudishe kwa kunywa kidogo kidogo. Na futa jasho kwenye fremu na nati, chumvi yake hula chuma.

Kuhusu ratiba sitasema mengi, maana kila mwili una tabia yake. Siku tatu kwa juma zatosha kwa mwanafunzi mwenye mitihani. Siku moja kanyaga mara 80 au zaidi kwa dakika na mfuko mwepesi, dakika 30. Siku nyingine weka mfuko mzito na kukanyaga mara 36 mpaka 40, dakika 4, upumzike 3, urudie mara tano. Siku ya tatu, mara 60 kwa dakika bila kukoma, ukianza na dakika 30 mwezi wa Novemba na kufika saa moja na robo mwezi wa Mei. Siku hiyo sharti uweze kusema sentensi nzima bila kukatika pumzi; ukishindwa, punguza mchanga. Mvua ikipumzika Januari, nenda nje Jumapili moja au mbili katika njia ya Cibitoke, ukumbuke barabara ilivyo. Mwenye homa asikanyage hata dakika moja, akapimwe malaria kwanza. Wadogo zako wakae mbali na mnyororo na spoki. Baisikeli isiyokwenda mahali huwavuta watoto kuliko ile inayokwenda.

Ndugu yetu wa ng'ambo alikubali. Alituma baisikeli moja ya chumbani iliyokwisha kutumika, yenye gurudumu zito na mshipi, na mizani mbili za ndoana kwa darasa la fizikia. Iko barazani mwa bweni. Mwaka jana vijana wanne walioitumia pamoja na stendi za mishipi walipanda Bugarama nami mwezi wa Julai bila kugusa lori hata moja. Wa mwisho alifika kwa saa 3 na dakika 20, akakaa chini akaomba ndizi.

Limebaki jambo ambalo baraza halifundishi, nalo ni kushuka. Zile juli 1,030,000 ulizoziinua mpaka Bugarama hazikupotea. Zinakungoja. Upepo na mipira zitachukua sehemu, iliyobaki yote sharti ipite kwenye breki zako, na juli zote hizo zingetosha kuchemsha lita 3 za maji. Basi unapolirudisha gurudumu la barabara mwezi wa Juni, badili mipira ya breki ikiwa imeng'aa au imeliwa, kaza vyuma vyake, na safari ya kwanza iwe ya tambarare kuelekea Rumonge. Siku ya kushuka Bugarama, bana breki zote mbili kwa zamu, simama kila kilomita chache, na mate kidogo juu ya rimu yatakuambia kama imepata moto. Lami ikiwa imelowa, rimu za chuma hazishiki. Shuka kwa miguu.

Zoezi la darasa. Mwanafunzi ana baisikeli yenye meno 48 mbele na 20 nyuma. Mzingo wa rimu yake ni mita 1.95. Mfuko wake ni kilo 7, mizani yasoma kilo 4, naye azungusha pedali mara 50 kwa dakika. Je, atoa wati ngapi? Na ikiwa yeye na baisikeli yake ni kilo 80, wati hizo zote zikitumika kupanda peke yake, atapanda mita ngapi kwa saa moja? Majibu aliyopata mwenzangu wa hesabu ni wati 115 na mita 527. Mwenye kupata mengine anione, alete na uzi wake wa kupimia.